Datsun ya Kikundi Inapokosa Nguvu Mlimani

Ndugu na dada wa vikundi, swali hili hutufikia hasa msimu wa maembe. Kikundi kina pikapu kuukuu, Datsun 1200. Chasisi bado nzima, lakini ikipakiwa inalia tu kwenye vilima vya Mua na Iveti. Fundi anasema, "Leteni pesa niiongeze nguvu." Je, pesa ya mwethya iingie hapo?

Tujue kwanza nguvu hutoka wapi. Injini hii, iitwayo A12, ina silinda nne zenye jumla ya cc 1171. Pistoni ikishuka huvuta hewa na petroli, na hewa ikiwa kidogo, nguvu pia ni kidogo. Mji wa Machakos uko kama mita 1,600 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo injini ile ile hupoteza hapa karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Huo si ugonjwa. Lakini kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani hapa humwaga petroli nyingi mno: utaona moshi mweusi na plagi zenye masizi. Fundi anayejua kazi ataweka jeti ndogo kidogo.

Kabla ya kuongeza, rudisheni kilichopotea. Mwambieni fundi apime kompresheni ya kila silinda mbele yenu, na mwandike. Silinda moja ikiwa chini kuliko zingine, atie kijiko cha oili ndani yake na kupima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tazameni valvu au gasketi. Kisha filta ya hewa, taimingi, klachi inayoteleza, breki zinazoshika gurudumu hata mguu ukiwa umeondolewa. Na wale waliofunga magurudumu makubwa ati gari ipate urefu, wajue wamejinyima nguvu ya kupanda wenyewe.

Sasa, kuchonga silinda. Wengi hudhani ni dawa ya nguvu. Piga hesabu: silinda ya A12 ina upana wa milimita 73. Ukichonga milimita nzima, unafika cc 1203 tu, yaani nyongeza ya kama tatu kwa mia. Kuchonga ni kwa silinda iliyolika, basi.

Kupunguza silinda hedi ili kompresheni ipande kunasaidia kweli, na huku juu injini huvumilia. Lakini siku mtakayopeleka maembe Mombasa, hewa itakuwa nzito na injini huenda ikaanza kugonga. Injini inayogonga hutoboa pistoni. Kemshafti za mashindano nazo hutoa nguvu injini ikizunguka mbio sana, si polepole na mzigo mgongoni. Ni kweli Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1974 kwa Lancer ya cc 1600 tu na kuziacha Porsche nyuma, lakini yeye hakubeba magunia!

Kama A12 imechoka kabisa, sisi tungechagua injini kubwa ya ukoo ule ule: A14 ya cc 1397, iliyokuwa kwenye Datsun 140Y, au A15 ya cc 1488, ya 150Y. A14 ni kubwa kwa karibu moja ya tano, na nguvu yake huanza chini, pale mlima unapoihitaji. Ni ndefu kidogo kwenda juu, kwa hiyo vishikizo na bomba la ekzosi huenda vikarekebishwa. Rejeta isafishwe pia, maana silinda hedi ni ya aluminiamu na ikichemka hupinda.

Msisahau breki. Injini kubwa haiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba, na anayepanda Iveti kwa haraka atateremka na mzigo ule ule. Breki na springi zitengenezwe kabla injini mpya haijawashwa, hata kama mweka hazina atanung'unika. Namba mpya ya injini iandikishwe NTSA, na kampuni ya bima ijulishwe, la sivyo siku ya ajali mtabaki peke yenu.

Mkienda kununua injini kuukuu, nendeni watu wawili na fundi wenu, mbebe kipimo cha kompresheni, mdai risiti yenye namba ya injini. Muuzaji akikataa isipimwe, ondokeni na pesa yenu.