UVIMBE WA KICHWANI NA KUNYONYOKA NYWELE

Wako watu wanaokaa miaka mingi na uvimbe mdogo chini ya ngozi ya kichwa. Hauumi wala hauwashi. Wanashtuka siku wanapoona nywele za juu yake zimepungua. Mmoja hudhani ni saratani, mwingine hudhani amerogwa. Mara nyingi si hivyo.

Uvimbe huu ni kitu gani?

Kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichomo ngozini. Pengine ukuta wa kifuko hicho hukua vibaya, ukafanya mfuko uliofungwa pande zote. Ndani hujaa uji mzito mweupe wa protini ile ile inayojenga kucha na nywele. Ukiugusa ni mviringo, mgumu kiasi, na huteleza chini ya kidole. Huwapata zaidi wanawake wa makamo, na mara nyingi ni wa ukoo: mama anao, binti naye anaupata. Hauambukizwi kwa kitana wala kofia.

Je, ndio unaonyonyoa nywele?

Ukikua, huivuta ngozi na kubana mizizi ya nywele. Hapo hubaki kipara kidogo juu ya uvimbe tu. Ukiondolewa, nywele zaweza kuota tena, ila penye kovu haziroudi.

Nywele zikinyonyoka mahali pengine, tafuta sababu nyingine. Kusuka kwa kukaza mno huondoa nywele za mbele na pembeni. Mtoto mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika huenda ana mapunye. Mapunye makali huweza kuvimba na kutoa usaha kama jipu. Dawa yake ni vidonge vya fangasi kwa wiki kadhaa, si kisu.

Tufanye nini?

Uvimbe usiosumbua waweza kuachwa. Usiukamue wala kuuchanja kwa wembe. Uji utatoka, lakini mfuko utabaki na kujaa tena, na wembe mchafu huleta usaha na pepopunda. Hospitalini mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, mfuko wote hutolewa pamoja na ukuta wake, kisha hushonwa. Kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Usingoje ukiona haya:

1. Uvimbe umekuwa mwekundu, wa moto, unauma au unatoa usaha.
2. Unakua haraka, unatoka damu, au una kidonda kisichopona. Wenye ualbino wawahi zaidi, kwani ngozi yao hupata saratani kwa urahisi.
3. Mtoto amezaliwa na uvimbe kichwani. Usitobolewe kamwe, huenda umeungana na ubongo.

Mara nyingi msusi au kinyozi ndiye wa kwanza kuuona. Ukiuona, mwambie mwenyewe kwa upole, aende akapimwe.