Mtaa wa Kongo, Kariakoo

Wengi wetu tumesikia habari za Kariakoo, Dar es Salaam. Je, jina hilo limetoka wapi?

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani. Wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wakatamka "Kariakoo". Wapagazi hao walitoka vijijini kama vyetu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na wengi walikufa kwa maradhi.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alifungua hapo soko kuu. Mchoro wake ulikuwa wa Mtanzania, Beda Amuli. Moto uliliharibu Julai 2021, kisha likakarabatiwa.

Karibu na soko hilo uko Mtaa wa Kongo. Nguo na viatu hupangwa mpaka barabarani. Wauzaji huita wateja. Wapagazi bado wapo, wanapita na mizigo wakiomba njia.

Wenzetu wa vijijini hununua hapo mali ya maduka yao. Basi tukifika, tuulize bei kwanza, duka moja hadi jingine. Tuzifiche fedha vizuri. Tudai risiti na tuisome palepale. Kisomo chetu ni kinga ya mali yetu.