Mjukuu wa Mfagizi Atwaa Taji la Wimbledon

Wanaocheza tenisi katika viwanja vya Lugogo, hapa Kampala, wajua jinsi mchezo huu ulivyo ghali: raketi, viatu na mipira havipatikani bure. Ndiyo sababu habari za jirani yetu, Angella Okutoyi wa Kenya, zastahili kusimuliwa.

Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake. Mama yao alifariki akiwazaa, wakalelewa na bibi yao, mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya Nairobi. Ni katika uwanja wa shule hiyo Angella alipojifunza kushika raketi, angali mtoto wa miaka minne.

Julai 2022, huko Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp waliwakabili Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko katika fainali ya wasichana wawili wawili. Walishindwa seti ya kwanza 3-6, wakatwaa ya pili 6-4, na ya kuamua wakaipata kwa taabu, 11-9. Pointi mbili tu! Kabla yake hapana Mkenya aliyepata kutwaa taji la vijana katika mashindano makuu ya tenisi.

Mboko, ambaye wazazi wake watoka Kongo, alimshinda Naomi Osaka mwaka 2025 na kutwaa taji la Kanada. Okutoyi alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, kusoma na kucheza. Machi 2024 akaja Accra, akanyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika.