Kamera ya Zamani au Mpya? Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Kamera ya DSLR

Kamera ya DSLR, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa, ni miongoni mwa vifaa ambavyo watu wengi hununua kwa akiba ya miezi mingi au kwa mkopo wa kikundi. Mnunuzi hutarajia kwamba kamera hiyo itamlipa kupitia harusi, mahafali, kipaimara na picha za pasipoti. Akifika dukani hukutana na swali moja: achukue modeli ya zamani kwa bei nafuu, au aongeze fedha apate modeli ya karibuni?

Katika makala haya tunalinganisha kamera mbili za kampuni moja na za daraja moja, ili mlaji aone kile anacholipia anapoongeza fedha, na kile ambacho fedha hizo haziwezi kumpa. Kamera hizo ni Canon EOS 600D, iliyotoka mwaka 2011, na Canon EOS 800D, iliyotoka mwaka 2017. Hatumshauri mlaji anunue chapa hii badala ya nyingine. Tumezichagua kwa sababu tofauti zake zinaonyesha vizuri namna ya kupima kamera yoyote ya aina hii.

Tofauti zilizoandikwa

Canon EOS 600D (2011): megapikseli 18, pointi 9 za fokasi, picha 3.7 kwa sekunde, ISO 100 hadi 6400, video ya 1080 kwa fremu zisizozidi 30 kwa sekunde, betri LP-E8, haina Wi-Fi wala skrini ya kugusa.

Canon EOS 800D (2017): megapikseli 24.2, pointi 45 za fokasi, picha 6 kwa sekunde, ISO 100 hadi 25600, video ya 1080 kwa fremu zisizozidi 60 kwa sekunde, betri LP-E17, ina Wi-Fi, Bluetooth na skrini ya kugusa.

Zinafanana katika mambo manne. Kihisi cha mwanga kina ukubwa uleule, zote hutumia lenzi za EF na EF-S, zote zina skrini inayogeuka, na zote zina tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje. Hakuna kati yake inayorekodi video ya 4K. Muuzaji akidai vinginevyo, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba maneno yake yanahitaji kuthibitishwa.

Ubora wa picha

Megapikseli ndiyo namba inayotajwa sana dukani, na ndiyo inayopotosha sana. Picha ya 600D ina nukta 5184 kwa 3456, na ya 800D ina nukta 6000 kwa 4000. Zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango kinachokubalika kwa picha nzuri ya albamu, ya kwanza inatoa karatasi ya sentimita 44 kwa 29 hivi, karibu sawa na A3. Ya pili inatoa sentimita 51 kwa 34 hivi. Kwa hiyo mtu ambaye wateja wake huchukua picha za albamu, au huzitazama kwenye simu, hataona faida yoyote ya megapikseli za ziada.

Katika mwanga hafifu tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko namba zinavyoashiria. ISO ya 25600 ni mara nne ya 6400, lakini hiyo haimaanishi kwamba picha za usiku zitakuwa safi mara nne. Kamera zote mbili huanza kuonyesha chenga ISO inapopandishwa sana. Kamera mpya hustahimili kidogo zaidi.

Faida kubwa zaidi ya 800D katika picha iko mahali pengine, nayo ni uwezo wa kuokoa sehemu zenye giza. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama kando ya gauni jeupe kwenye jua la saa sita, 600D hulazimisha mpigapicha kuchagua: ama gauni lipotee katika weupe, ama suti iwe giza tupu. Faili la RAW la 800D huweza kung'arishwa kwenye kompyuta bila giza hilo kujaa chenga na mistari. Kwa anayehariri picha zake, hiki ni kitu halisi cha kulipia. Asiyehariri hataiona faida hiyo.

Fokasi na kasi

Hapa ndipo miaka sita inapoonekana wazi. Kwa pointi 9, ambazo ya katikati ndiyo yenye nguvu zaidi, mtumiaji wa 600D hulenga kwa pointi ya katikati kisha hupanga picha upya. Njia hii hufanya kazi vizuri kwa watu waliosimama au kuketi. Kwa watoto wanaokimbia, mechi ya mpira au bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza, pointi 45 na picha 6 kwa sekunde huongeza sana idadi ya picha zilizo makini. Atakayepiga picha za pasipoti na za familia studioni hana sababu kubwa ya kulipia kasi hiyo.

Video

Kwa anayetaka kurekodi sherehe, tunamshauri aisome sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote.

Kamera ya 600D haifuatilii fokasi yenyewe wakati inarekodi. Mhusika akisogea, mpigapicha hana budi kuzungusha lenzi kwa mkono au kubonyeza kitufe na kusubiri. 800D hufuata uso wa mtu unaposogea, kwa utulivu, hasa ikiwa na lenzi yenye alama ya STM.

Jambo la pili ni urefu wa kipande. Kwenye 600D, faili la video likifika gigabaiti 4 kurekodi husimama, na katika ubora wa juu hilo hutokea baada ya dakika 12 hivi. Mtumiaji hubonyeza tena ili kuanza faili jipya. Mahubiri, hotuba ya mgeni rasmi au nasaha za wazazi zinaweza kukatika katikati ikiwa mpigapicha hakuangalia saa. Wakati huo haurudi, na malalamiko ya mteja yatamfikia mpigapicha, si mtengenezaji wa kamera.

Betri na vipuri

Betri ya LP-E8 haiingii kwenye 800D, wala ya LP-E17 haiingii kwenye 600D. LP-E8 ilitengenezwa kwa ajili ya modeli chache kuanzia mwaka 2010. LP-E17 inatumika pia katika kamera kadhaa za karibuni zisizo na kioo, hivyo matumaini ya kuipata kwa miaka ijayo ni makubwa zaidi. Mnunuzi wa kamera ya zamani aulize bei na upatikanaji wa betri kabla ya kulipa. Ajihadhari pia na betri bandia zinazobeba nembo ya mtengenezaji: huisha upesi, huvimba, na huweza kukwama ndani ya kamera.

Modeli mpya si lazima iwe bora

Mwaka wa kutoka si kipimo cha ubora. Canon EOS 4000D ilitoka mwaka 2018, miaka saba baada ya 600D. Hata hivyo ina megapikseli 18 zilezile, hupiga picha 3 tu kwa sekunde, skrini yake haigeuki, haina tundu la maikrofoni, na sehemu ya kufungia lenzi ni ya plastiki. Ni kamera ya daraja la chini zaidi, iliyokusudiwa kuuzwa kwa bei ndogo. Mtu akidhani kwamba 4000 ni kubwa kuliko 600, na kwamba 2018 ni bora kuliko 2011, ataongeza fedha ili apate pungufu.

Majina nayo huchanganya. Kamera ya 600D iliuzwa Marekani kwa jina la Rebel T3i, na Japani kwa jina la Kiss X5. Ile ya 800D huitwa Rebel T7i na Kiss X9i. Kamera zilizoletwa kutoka nchi hizo hupatikana katika masoko yetu, na mnunuzi asiyejua huweza kuuziwa kamera ileile kana kwamba ni modeli tofauti na ya juu zaidi. Aandike jina lililo kwenye mwili wa kamera, atafute lingine linalolingana nalo, kisha alinganishe bei. Kwa zilizotoka Japani, awashe kamera na kuhakikisha kwamba menyu ina lugha anayoielewa.

Lenzi huenda ikastahili fedha zaidi

Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera hizi, ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi nafuu za Canon, hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Hakuna tofauti ya kihisi kati ya 600D na 800D inayokaribia hapo. Kwa anayepiga picha ndani ya kumbi na makanisa yenye taa hafifu, 600D yenye lenzi hiyo mara nyingi itamhudumia vizuri kuliko 800D yenye lenzi ya kawaida peke yake.

Zaidi ya hayo, lenzi za EF na EF-S zinaweza kufungwa kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo kwa kutumia adapta. Anayewekeza kwenye lenzi nzuri atabaki nayo atakapobadilisha kamera. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi za RF, zilizotengenezwa kwa kamera hizo mpya, haziingii kwenye 600D wala 800D.

Ukaguzi wa kamera iliyotumika

Kamera nyingi za aina hii sokoni zimekwisha kutumika. Hali ya kamera iliyo mkononi mwako ina uzito kuliko jina la modeli. Tunashauri ukaguzi ufuatao kabla ya kutoa fedha:

1. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, weka f/16, piga picha, kisha ikuze kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi; mengi husafishika, lakini mikwaruzo haisafishiki.

2. Ondoa lenzi, imulike kwa tochi ya simu na utazame ndani. Nyuzi nyeupe kama za buibui ni kuvu. Kasoro hii hupatikana sana kwenye vifaa vilivyokaa katika unyevu wa pwani, na huweza kurudi hata baada ya kusafishwa.

3. Geuza skrini pande zote ikiwa imewaka. Ikizima au kucheza, waya wa ndani umechoka.

4. Rekodi video ya dakika kadhaa ukitumia maikrofoni ya nje, kisha isikilize.

5. Usikubali namba ya faili kuwa ushahidi wa matumizi madogo. Hesabu ya faili huishia 9999 na kuanza upya, na mtumiaji anaweza kuirudisha mwanzo wakati wowote. Fundi mwenye programu maalumu huweza kusoma idadi halisi ya mifyatuo kwa baadhi ya modeli.

6. Linganisha namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera na ile ya kwenye boksi au risiti ya awali. Zikitofautiana, uliza sababu. Kamera ya wizi huweza kuchukuliwa kwako na fedha zako zisirudi.

Risiti, dhamana na haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu hali na ubora wa bidhaa, ikiwa ni pamoja na kuuza kitu kilichotumika kana kwamba ni kipya. Lakini haki bila ushahidi ni vigumu kuidai. Dai risiti ya EFD, na uhakikishe imeandikwa jina kamili la modeli. Omba pia maandishi yenye namba ya utambulisho, maneno "mpya" au "iliyotumika", na muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo kwamba "ikisumbua irudishe" haitakusaidia siku muuzaji atakapoikana. Anayenunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara ajue kwamba ulinzi wake ni mdogo zaidi, na hivyo ukaguzi wake uwe mkali zaidi.

Namna ya kuamua

Tunapendekeza hesabu rahisi. Tuchukulie kwamba tofauti ya bei kati ya kamera mbili ni shilingi 600,000, na kwamba kila kazi hukuachia shilingi 50,000 baada ya gharama. Utahitaji kazi 12 kufidia tofauti hiyo. Jiulize: je, kamera mpya itakuletea kazi 12 ambazo ya zamani isingeziweza? Kwa anayerekodi video za sherehe, jibu huenda likawa ndiyo, na kununua ya zamani kungekuwa hasara. Kwa studio ya picha za pasipoti na familia, jibu kwa kawaida ni hapana, na fedha hizo zingefaa zaidi kwenye lenzi, taa na betri ya akiba.

Ukiuziwa kamera isiyolingana na maelezo uliyopewa, acha kuitumia, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti, na uandike tarehe na majibu yake. Akikataa kukusikiliza, leta ofisini kwetu nakala ya risiti, picha za kamera na namba yake ya utambulisho, pamoja na tangazo au ujumbe wowote wa simu ambamo muuzaji alieleza bidhaa hiyo.