Umeme Kutoka Jalalani



Je, umewahi kuchomeka fimbo katika tope la bwawa? Unapoichomoa, mapovu hupanda juu ya maji. Mapovu hayo si hewa tunayovuta. Ni gesi. Imetoka kwenye majani yaliyooza chini ya tope, mahali ambapo hewa haifiki.

Gesi kama hiyo hutoka pia katika majalala makubwa ya miji. Watu wameweza kuikamata na kuitumia kuendesha injini za umeme. Katika somo hili tutaona jinsi wanavyofanya. Tutaona pia kwa nini si vema kuiacha itoke ovyo.

Gesi hutoka wapi?

Kila siku mji hutupa maganda ya ndizi, mabaki ya chakula, majani na karatasi. Magari hupeleka takataka hizo jalalani. Huko hushindiliwa na kufunikwa kwa udongo. Kesho yake huletwa nyingine, zikawekwa juu ya zile za kwanza. Baada ya miaka mingi jalala huwa kama kilima.

Ndani ya kilima hicho hakuna hewa. Lakini wamo wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wadudu hao hula takataka zinazooza, na wanapozila hutoa gesi. Karibu nusu ya gesi hiyo huitwa methani. Sehemu kubwa inayobaki ni hewa ya ukaa, ambayo haiwaki. Methani ndiyo inayowaka. Haina rangi wala harufu. Uvundo unaousikia jalalani hutokana na gesi nyingine chache zilizochanganyika nayo.

Hatari yake

Methani hutafuta njia ya kutokea. Huweza kupita katika nyufa za ardhi mpaka ndani ya nyumba ya mtu. Hewa ikiwa na methani kiasi cha sehemu 5 hadi 15 katika kila sehemu 100, cheche moja tu yatosha kuilipua.

Mambo hayo yamewahi kutokea. Tarehe 24 Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe huko Uingereza, gesi ya jalala ilipita chini ya ardhi ikaingia katika nyumba. Nyumba ililipuka ikabomoka. Watu watatu waliokuwamo waliumia. Mwaka 1993 mlipuko ulitokea katika jalala mjini Istanbul, nchini Uturuki. Takataka ziliporomoka zikafunika nyumba za jirani. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Methani ikipanda angani hudhuru pia. Hufanya kazi kama blanketi, ikazuia joto la dunia lisitoke. Katika muda wa miaka 100, kilo moja ya methani huzuia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa.

Jinsi ya kuikamata

Kwanza, mafundi hutoboa visima katika jalala. Ndani ya kila kisima huweka bomba lenye matundu, na kulizungushia kokoto.

Pili, hufunika jalala kwa udongo wa mfinyanzi au kwa plastiki nene, ili gesi isivuje.

Tatu, huunganisha mabomba yote na bomba kuu. Mashine kama pampu huivuta gesi. Kazi hii inahitaji uangalifu. Gesi ikivutwa kwa nguvu mno, hewa huingia jalalani. Wale wadudu hufa, na takataka zinaweza kushika moto ndani kwa ndani.

Nne, gesi hupozwa ili maji yaliyomo yatoke.

Tano, gesi huingizwa katika injini. Injini hii inafanana na injini ya gari, ila badala ya petroli hutumia gesi. Injini huzungusha jenereta, na jenereta hutoa umeme palepale jalalani. Umeme huo huweza kuwasha taa na kuendesha mashine za jalala. Unaobaki hupelekwa mjini kwa nyaya.

Injini ikiharibika, gesi haiachwi. Huchomwa katika bomba maalum.

Mfano wa Durban

Mji wa Durban uko Afrika Kusini, kando ya bahari. Mwaka 2006 mji huo ulianza kupata umeme kutoka jalala la Mariannhill. Injini yake ilikuwa na uwezo wa megawati 1. Umeme huo unaweza kuwasha balbu 10,000 za wati 100 kwa wakati mmoja. Baadaye ziliwekwa injini katika jalala kubwa zaidi la Bisasar Road, zenye uwezo wa megawati 6 na nusu.

Mahali pa tatu palikuwa La Mercy. Huko gesi ilikuwa haba, na injini ikahamishiwa Bisasar Road. Basi tujifunze: pima gesi kwanza, nunua injini baadaye.

Liko na fundisho jingine. Jalala la Bisasar Road lilifunguliwa mwaka 1980, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, karibu na nyumba za watu. Wakazi walidai kwa miaka mingi lifungwe. Habari za umeme zilipokuja, baadhi yao, akiwamo Bibi Sajida Khan, walizipinga. Waliogopa kwamba umeme ungekuwa sababu ya kuendelea kutupa takataka milangoni mwao.

Hofu yao ilikuwa na maana. Umeme si sababu ya kuwatesa majirani. Tena jalala likifungwa, gesi huendelea kutoka kwa miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo inawezekana kulifunga na bado kupata umeme.

Na sisi kijijini?

Shimo la takataka la nyumbani ni dogo mno. Gesi yake haiwezi kuendesha injini. Maganda na majani yafanye mboji kwa ajili ya shamba lako. Lakini mwenye ng'ombe anaweza kupata gesi ileile kutokana na samadi, katika tangi lililozibwa vizuri, akapikia.

Ukipita katika jalala kubwa, usiwashe moto wala sigara. Usiingie katika shimo la zamani lililofunikwa. Na usijenge juu ya jalala wala karibu nalo, hata kama limefungwa zamani na majani yameota. Chini ya majani hayo kazi ya kuoza bado inaendelea.

Maswali ya kujadiliana

1. Methani hutokana na nini?
2. Kwa nini jalala hufunikwa kabla ya kuvuta gesi?
3. Kwa nini injini ya La Mercy ilihamishwa?
4. Kama mji ungetaka kuweka jalala karibu na kijiji chako, mngeuliza maswali gani?