Je, Wajua Kiazi Kitamu Hujipikia Sukari Yake Majivuni?

Kiazi kitamu kinachotoka shambani leo bado si kitamu hasa. Kitafune kibichi: utapata maji, unga na utamu wa mbali. Utamu tunaokisifia huzaliwa jikoni, katika muda mfupi sana, na mpishi ndiye anayeamua uzaliwe au upotee. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu katika nyumba nyingi siku hizi kiazi humenywa, hukatwa vipande na kutumbukizwa kwenye maji yanayotokota, halafu mlaji analalamika kwamba viazi vya siku hizi havina ladha.

Bibi yangu alilima viazi Gairo, mkoani Morogoro, ambako wasafiri wa barabara ya Dodoma husimama kununua ndoo kwa ndoo. Vya jioni hakuvichemsha. Ugali ukishaepuliwa, alifukua majivu ya moto katikati ya mafiga kwa kijiti, akalaza viazi vitatu au vinne na maganda yake, akavifunika vizuri na kusogeza makaa machache juu. Hiyo ndiyo kuvumbika. Sisi watoto hatukuwa na subira.

“Bibi, bado tu?”

“Tulia, mjukuu wangu. Moto wa pupa unakinyima kiazi utamu.”

Nilidhani anatutuliza. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba alikuwa anaeleza kemia, tena kwa usahihi.

Ndani ya kiazi kuna wanga mwingi uliofungwa katika chembechembe ngumu. Humo humo kuna kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi, ambacho hukata mnyororo wa wanga kuanzia mwishoni, viungo viwili viwili, kama mtu anayechomoa shanga mbili mbili kwenye uzi. Kila jozi inayokatika ni maltosi, sukari ile ile inayotia utamu kwenye togwa lililowekwa kimea. Kiazi kitamu kina kimeng'enya hiki kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1946 watafiti walikitoa humo na kukipata kikiwa fuwele safi. Kasoro ni moja: kiazi kikiwa kibichi, kimeng'enya kipo na wanga upo, lakini mlango umefungwa.

Joto ndilo linaloufungua. Ndani ya kiazi likipita nyuzi 60 hivi, chembe za wanga hufyonza maji, hulainika na kuachia, na kimeng'enya huanza kazi kwa kasi. Likikaribia nyuzi 80, kimeng'enya chenyewe huharibika na kazi husimama. Utamu wote wa kiazi unategemea kitakaa muda gani katikati ya vipimo hivyo viwili. Kipande chembamba kikitupwa kwenye maji yanayochemka hupita hapo kwa dakika chache, na sehemu ya sukari iliyopatikana huyeyukia kwenye maji tunayomwaga. Kwenye oveni ya maikrowevu ni mbio zaidi. Kiazi kizima kilichozikwa majivuni hupanda joto polepole, kwa kuwa majivu hupitisha moto kwa uchoyo, na moyo wa kiazi hukaa katika kiwango hicho muda mrefu. Beta-amilesi hushinda hapo ikichomoa shanga zake.

Chukua kiazi kilichovumbikwa vizuri ukitazame kabla ya kukila. Ganda limejikunja na kuachana na nyama. Pale jembe lilipokijeruhi wakati wa kuchimba, utaona tone zito, jeusi kama asali ya nyuki wadogo, limetoka nje na kugandia kwenye ganda. Hiyo ni sukari ya kiazi chenyewe, imeungua kidogo, na harufu yake haipatikani kamwe kwenye sufuria, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100 na sukari inahitaji joto kubwa zaidi ya hilo ili igeuke rangi na kunukia.

Utamu huo ukiachwa peke yake hukinaisha, ndiyo maana pilipili ni ya lazima. Ukali wa pilipili si ladha. Kapsaisini iliyomo hugusa vipokezi vya mwili vinavyotambua joto la kuunguza, na ubongo hupokea taarifa ya moto ambao haupo. Kazi ya kuvitambua vipokezi hivyo ilimpa David Julius wa Marekani sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Sukari hupoza ukali huo mdomoni, na ukali nao huuzuia utamu usichoshe. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo anayenyunyizia pilipili kavu juu ya kiazi hupata madoa ya ukali huku na kule. Pasha kwanza vijiko viwili vya mafuta ya nazi au alizeti, tia pilipili ya unga, kitunguu saumu kilichotwangwa, binzari nyembamba kidogo na chumvi, acha vinukie, kisha ndipo ukipake kiazi.

Sasa kosa linaloharibu sinia nyingi za mboga za kuoka: kila kitu huingizwa motoni kwa pamoja. Karoti na kitunguu havina wanga wa maana wa kugeuzwa. Sukari yao imo tayari na inahitaji moto mkali tu ili iungue kidogo pembeni. Kiazi kinahitaji kutangulia. Kiweke kizima kwenye moto mdogo, majivuni au ndani ya oveni, saa nzima au zaidi kwa kiazi kinene, mpaka kijiti kipite bila kusukumwa. Kikate vipande vikubwa, changanya na karoti na vitunguu ulivyovianzisha robo saa kabla, paka yale mafuta, rudisha kwenye moto mkali dakika kumi. Ndimu ikamuliwe mezani, kamwe si motoni. Mwenye kisukari apewe cha kuchemsha kwa kiasi, kwa sababu cha kuoka hupandisha sukari ya damu haraka zaidi.

Linaloniuma ni namna tunavyokidharau kiazi hiki. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis. Watatu wa kwanza walituzwa kwa kazi yao ya kuendeleza viazi vya rangi ya chungwa, viazi lishe, vyenye beta-keroteni ambayo mwili huigeuza vitamini A. Mafuta kidogo husaidia mwili kuipokea, kwa hiyo ule upako wa pilipili una faida mara mbili. Hata hivyo kiazi hicho bado huitwa chakula cha maskini, kinashindiliwa kwenye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, mpaka maganda yanachubuka, na kilichochubuka huoza njiani. Mkulima hulipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Huo ni wizi, na wanunuzi tunaonyamaza tunausaidia. Kiazi kilichotobolewa na fukusi nacho kisiuzwe kwa bei ya huruma: uchungu wake hauondoki kwa kupikwa. Kitupe.

Mengine kwa haraka: majani yake ni matembele, Usukumani kiazi chenyewe hukatwa na kuanikwa kikawa michembe, au huchemshwa kwanza kikawa matobolwa, unga wake huingia kwenye maandazi na chapati, marando yake hulisha mbuzi na nguruwe.

Na mkaa je? Miti imekwisha vya kutosha, nami sikushauri uwashe jiko kwa ajili ya kiazi. Lakini kila jioni, maharage yakishaepuliwa, jiko hubaki na makaa na majivu ya moto yanayozimika bure mpaka usiku wa manane. Leo, kabla hujalisogeza jiko pembeni, osha viazi viwili, vivumbike, na uwaambie watoto wasubiri.