Selimundu: Neno, Jeni na Mageuko

Makala haya yanafafanua istilahi selimundu, iliyoundwa kwa kuunganisha nomino seli na mundu. Istilahi hii hubainisha umbo la chembe nyekundu ya damu iliyopinda. Chanzo chake haikitaji. Chanzo hicho ni jeni, yaani maelekezo ya kuunda protini yaliyomo ndani ya seli. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, wenye asidi amino 146, nafasi ya sita iliyo ya glutamati huchukuliwa na valini.

Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui. Tena hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki. Ndiyo maana uteuzi asilia umeidumisha jeni hii penye malaria.

Wazazi wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mtoto ana uwezekano wa robo moja wa kuugua. Hivyo, kumlaumu mama peke yake, au kudai kuwa mtoto amerogwa, hakuna msingi: mgonjwa hurithi hitilafu kwa baba na kwa mama.